Onja mara mbili: namna ya kuonja Chianti Classico na kujua uile na nini

Kabla sijahamia huku Firenze, Italia, nilikua mhudumu kwenye mkahawa mmoja Malindi, na mnaoijua Malindi mnajua Waitaliano walivyo wengi pale, hadi muuza madafu anakupigia Kitaliano safi. Sasa siku moja mzee mmoja wa Kitaliano akaagiza chupa ya Chianti, nikamfungulia vizuri kama nilivyofundishwa, nikammiminia kidogo aonje. Akaonja. Akaniangalia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, hii ni supu." Alafu akaomba barafu, akatia vipande viwili ndani ya waini nyekundu mbele ya macho yangu, na mimi nikabaki nashangaa nani kati yetu amekosea.

Niliyekosea ni mimi, ama tuseme aliyekosea ni aliyetupanga. Chupa zilikua zinakaa kwenye shelfu juu ya mlango wa jikoni, mwezi wa pili, joto la Malindi la mwezi wa pili mnalijua, na meneja alishatuambia waini nyekundu inatolewa kwa joto la chumba, basi, mjadala umefungwa. Hakuna aliyeuliza chumba cha nani. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya ya zamani, nyumba ya mawe kabla hita hazijaja, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sio chumba chako wewe chenye feni inayozungusha hewa ya moto.

Nimeanza na hilo manake ndilo kosa la kwanza la watu wetu wengi, alafu wanasema waini nyekundu ni kali, inaumiza kichwa, haina utamu. Sasa nimeshafanya kazi kwenye mikahawa ya huku Toscana, mkoa wenye Firenze, miaka kadhaa, nimefungua chupa nyingi za watu kuliko zangu, na nataka niwaelekeze waini moja tu, Chianti Classico, mwanzo hadi mwisho. Moja tu, manake mtu akianza kwa kuonja kumi anatoka hajui hata moja. Na kama wewe hunywi kwa dini au kwa sababu zako hakuna neno, lakini pita pale chini kwenye maharagwe, pale panakuhusu.

Hatua ya 1: Chupa

Chianti na Chianti Classico sio kitu kimoja, na hapa ndipo watu wanapigwa dukani. Chianti ya asili ni vilima vya katikati ya Firenze na Siena, miji midogo kama Greve, Radda, Gaiole na Castellina. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa amri ya kuweka mipaka ya sehemu hiyo, yaani waini itokayo hapa ndiyo iitwe hivi. Lakini jina zuri halikosi wa kuliazima, maeneo ya jirani yakawa yanalitumia, na mwaka 1932 serikali ikapanua eneo la Chianti likawa kubwa sana, wale wa vilima vya mwanzo ndio wakaongezewa neno Classico kuwatofautisha. Kwa hivyo Chianti ya kawaida sio feki, kuna nzuri tu, ila ni familia pana na huwezi kujua utakutana na ndugu gani.

Alama ya Classico ni jogoo mweusi, utamkuta shingoni mwa chupa au nyuma. Kisa chake huku kila mtu anakijua: Firenze na Siena walichoka kupigania mpaka, wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi mmoja, aondoke jogoo akiwika alfajiri, na watakapokutana ndio mpaka. Siena wakachukua jogoo mweupe wakamlisha vizuri akanenepa. Firenze wakachukua mweusi wakamlaza njaa. Njaa ikamuamsha usiku wa manane akawika, mpanda farasi wa Firenze akatoka mapema, wakakutana Fonterutoli ambako ni karibu kabisa na Siena, ndio Firenze wakabeba karibu Chianti yote. Ni hadithi, usiende nayo mahakamani, lakini jogoo mwenyewe alikua nembo ya muungano wa Chianti tangu zama za kati kweli, na amechorwa kwenye dari la ukumbi mkubwa wa Palazzo Vecchio hapa mjini, ukipita uinue kichwa.

Ndani ya chupa, zabibu inaitwa Sangiovese, kisheria lazima iwe si chini ya asilimia 80, zinazobaki ni zabibu nyingine nyekundu. Zamani walichanganya hata nyeupe, hilo lilipigwa marufuku kuanzia mavuno ya 2006. Alafu kuna ngazi tatu: ya kawaida inayoitwa Annata inakaa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, Riserva miezi 24, Gran Selezione miezi 30. Wewe anza na Annata. Sio kwa sababu ya bei tu, ingawa huku unaipata kwa yuro 12 hadi 20 hivi na hizo nyingine zinapanda, ila Annata ndiyo inaonyesha tabia ya zabibu bila kufunikwa na ladha ya pipa la mbao. Angalia mwaka kwenye lebo, umri wa miaka miwili mpaka mitano ni sawa kabisa.

Ile chupa ya tumbo la duara iliyovishwa majani makavu chini, inaitwa fiasco, ni nzuri ya kuweka mshumaa. Nimesema.

Hatua ya 2: Joto

Kama nyumba yako ina nyuzi 22 hivi, tia chupa kwenye friji dakika 20. Kama uko Mombasa, Dar au Muscat na nyumba ina 30, tia dakika 40 hadi 50. Huna muda? Chukua ndoo, tia barafu NA maji, sio barafu peke yake manake vipande vya barafu vinagusa chupa hapa na pale tu, maji ndiyo yanaizunguka yote, dakika nane hadi kumi umemaliza. Ukiigusa chupa iwe ya baridi kidogo kama ukuta wa nyumba ya mawe asubuhi, sio kama soda.

Ikiwa moto, pombe inapanda puani inafunika kila kitu, ndio ile supu ya yule mzee. Ikiwa baridi sana, harufu inalala na ukakasi unakua mkali zaidi. Ukikosea, kosea upande wa baridi, glasi itajipasha yenyewe mkononi.

Hatua ya 3: Kufungua

Opena ya kuzungusha, ingiza katikati ya kizibo, vuta polepole, hakuna haja ya mlio, sio harusi. Futa mdomo wa chupa. Alafu mimina kidogo, vijiko vitatu vinne, unuse kujua kama imeharibika kabla ya kuwamiminia wageni. Ikinuka boksi la karatasi lililolowa, au kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo, hapo kizibo kimeiharibu, Waitaliano wanasema "sa di tappo", ina ladha ya kizibo, na haiponi hata ukiiacha wiki. Mkahawani unairudisha na unaletewa nyingine bila aibu, ndio maana mhudumu anakuonjesha kwanza. Watu wengi wanadhani wanaonjeshwa ili waseme kama wameipenda, hapana, unaulizwa kama ni nzima. Ikinuka kiberiti au yai viza kidogo usiogope, izungushe kwenye glasi, mara nyingi hewa inaiondoa.

Kuhusu kuiacha ipumue: kuivua kizibo na kuiacha imesimama mezani haisaidii sana, ule mdomo wa chupa ni mdogo, hewa itaingilia wapi. Imimine kwenye jagi au kwenye glasi, nusu saa inatosha kwa Annata.

Hatua ya 4: Macho

Hapa tusichelewe. Glasi iwe ya shina, mimina theluthi tu, shika shina usishike tumbo manake mkono unaipasha na unachafua glasi. Inamisha juu ya karatasi nyeupe. Sangiovese haiwi nyeusi tii, ni nyekundu ya rubi unayoweza kuona kidole upande wa pili, na pembeni ikishazeeka inaanza kuvuta rangi ya tofali. Ukikuta Chianti nyeusi kama wino, jua kuna zabibu nyingine imesaidia.

Yale machozi yanayoteremka kwenye glasi, Waitaliano wanayaita archetti, matao madogo, na kila meza ina mjuaji mmoja wa kusema "ona machozi, hii ni waini nzuri". Machozi yanakuambia habari za pombe zaidi, kwamba ipo ya kutosha. Uzuri hayaujui.

Hatua ya 5: Pua

Nusa mara ya kwanza glasi ikiwa imetulia. Alafu iweke mezani, shika shina chini kabisa, chora duara mara tatu nne kama unasaga kitu, inua nusa tena. Harufu inabadilika, na hiyo tofauti ndiyo unayoitafuta. Usinuse kwa nguvu mara kumi mfululizo, pua inachoka haraka, nusa mara mbili upumzike. Na tafadhali, kama umetoka kujifukiza udi au umejipaka mafuta ya asmini, siku hiyo usionje, utasikia harufu yako mwenyewe tu.

Vitabu vitakuambia cheri, urujuani, ngozi, tumbaku. Sasa mimi nimekulia Malindi, cheri niliiona mara ya kwanza juu ya keki, nyekundu ya plastiki, itanisaidia nini? Ilinichukua muda kukubali kwamba mtu ananusa kwa kumbukumbu zake. Siku moja niko nyuma ya mkahawa na glasi ya mabaki, nikasikia zambarau. Zambarau kabisa, zile unazookota chini ya mti shati likachafuka na mama akakusubiri mlangoni. Ina ule utamu mdogo, uchachu, na ule ulimi kukauka baadaye. Tangu siku hiyo Sangiovese sijaisahau tena. Nyuma ya zambarau tafuta majani makavu ya chai, kopo lake ukilifungua tu. Tafuta viatu vya ngozi vipya. Tafuta udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Sio lazima uvipate vyote, ukipata kimoja ukakitaja kwa jina unalolijua wewe, umeonja.

Hatua ya 6: Mdomo, mara ya kwanza, bila chakula

Chukua fundo dogo, usimeze haraka. Lizungushe mdomoni lifike kwenye fizi na chini ya ulimi, vuta hewa kidogo kwa midomo iliyobanwa, mlio utatoka kama wa mtu anayekunywa uji wa moto, usione haya. Alafu meza, au tema. Huku wanaozunguka mashamba kuonja wanatema kwenye ndoo, na kama wewe ndio dereva tema kweli, sheria ya Italia ni gramu 0.5 ya pombe kwa lita ya damu, na kwa dereva mpya, ambaye leseni yake haijafika miaka mitatu, ni sifuri, na zile barabara za Radda ni kona juu ya kona.

Sasa sikiliza mambo mawili kwenye mdomo, haya mawili ndiyo Chianti yenyewe.

La kwanza ni uchachu. Umeshameza, mate yanajaa pembeni mwa ulimi kama umeng'ata ukwaju. Sangiovese ina uchachu mwingi kiasili, na vile vilima viko mita 250 hadi 600 hivi juu ya bahari, mchana jua usiku baridi, ule ubaridi wa usiku unazuia uchachu usipotee zabibu zikiiva. Na wanavuna mara moja tu kwa mwaka, Septemba na Oktoba, tofauti na Dodoma kwetu Afrika Mashariki ambako mzabibu unavunwa mara mbili.

La pili ni ukakasi. Lugha yetu imebarikiwa hapa, sisi tuna neno, wengine wanahangaika kueleza. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, wa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake, fizi zinakauka, ulimi unakua kama umepakwa vumbi. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, kitu kinaitwa tanini, na kazi yake ni kung'ang'ania protini. Mdomoni mwako protini iliyopo ni ya mate, yale yanayoteleza, tanini inayakamata basi hakuna cha kutelezesha tena, ndio unahisi mkauko. Usichanganye na uchungu, uchungu unausikia kwenye ladha, ukakasi unaugusa kama kitambaa.

Kwa hivyo ukionja Chianti peke yake, njaa tupu, unapata kitu kinachokuchachusha na kukukausha kwa wakati mmoja. Wengi wanaishia hapo wanaweka glasi chini. Dada yangu mdogo alinitembelea mwaka juzi, nikamfungulia chupa nzuri tu, akanywa fundo moja akakunja uso wote.

"Kaka, hii imechacha. Umenunua wapi, wamekuibia."

"Haijachacha, ndivyo ilivyo. Ngoja."

Nikakata pecorino, ile jibini ya maziwa ya kondoo, nikampa na mkate. Akatafuna, akanywa, akatafuna tena bila kuongea. Alafu akasogeza sahani upande wake.

Hatua ya 7: Mdomo, mara ya pili, na visahani vinne

Hii ndio hatua yenyewe, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Hii waini haikutengenezwa ikae kwenye kochi, ilitengenezwa na watu wanaokula, ikae katikati ya sahani. Ni kama ukwaju, nani anakula ukwaju kwa kijiko? Lakini utoe kwenye mchuzi uone. Kwa hivyo panga visahani vinne vidogo, glasi moja, na maji, na mkate usio na ladha kali wa kusafisha mdomo kati ya kimoja na kingine.

Kisahani cha kwanza ni jibini ngumu, pecorino ukiipata, la sivyo jibini yoyote iliyokomaa. Onja waini, kula kipande, onja waini tena kabla hujamaliza kutafuna. Ukakasi unapungua mara moja, manake tanini imepata protini na mafuta ya kukamata badala ya mate yako, na chumvi ya jibini nayo inaulainisha. Zambarau inatokea mbele ghafla.

Cha pili ni nyanya. Pika sosi rahisi ya nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, paka kwenye mkate. Nyanya ina uchachu wake, na kanuni ya hapa ni kwamba waini isizidiwe uchachu na chakula, ikizidiwa inakua maji. Chianti haizidiwi, vinakutana sawasawa vinanyamaza vyote viwili, unabaki na utamu wa nyanya. Waini laini zisizo na uchachu zinakufa hapa, jaribu siku nyingine uone.

Cha tatu ni kitu kitamu, kaimati, biskuti, chochote chenye sukari. Onja waini baada yake. Mbaya eh? Imekua siki na ukakasi umerudi na ndugu zake. Sukari ya chakula inafanya waini kavu, yaani isiyo na sukari, ionekane kali na tupu. Ndio maana huku Toscana vile vibiskuti vya lozi, cantucci, wanavichovya kwenye Vin Santo ambayo ni waini tamu, Chianti inakua imeshaondoka mezani.

Cha nne pilipili, mbichi au ya kusaga, kidogo tu. Pombe inaongeza moto na ukakasi unaukwaruza pale pale panapowaka. Ukishajua hili utaacha kumlaumu aliyekuuzia chupa siku ile ulipokula na achari ya maembe.

Hapa naongeza la tano la bure. Huku kuna salami ya mbegu za shamari, inaitwa finocchiona, na shamari kwa Kitaliano ni finocchio. Sasa kumdanganya mtu kwa Kitaliano ni "infinocchiare", na wazee wa huku wanasema neno lilitokea hivi, mkulima mwenye waini mbovu alimlisha mnunuzi shamari kwanza, ile harufu ikaziba ulimi, akanunua. Kweli au uongo, somo lipo, mwenye duka akikukaribisha vitafunio kabla ya kukuonjesha, onja kwanza.

Hatua ya 8: Sahani kamili

Ukiwa Firenze watakuambia bistecca alla fiorentina, steki ya mfupa unene wa vidole vitatu, kilo moja na zaidi, inachomwa juu ya makaa nje nyeusi ndani nyekundu. Na usiombe iive sana, nimeona mpishi akikataa mbele ya mteja na mteja ndiye aliyeomba radhi. Wanaipenda kiasi kwamba mwaka 2001 Ulaya ilipopiga marufuku nyama ya mfupa wa mgongo kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, waliiomboleza kabisa, ikarudi 2006. Na Chianti inakwenda nayo kwa sababu ile ile ya kisahani cha kwanza, mafuta na protini, ila kwa steki kubwa hivyo unaweza kupanda ngazi hadi Riserva.

Lakini mimi nikiulizwa chakula cha kweli cha Chianti, nitasema maharagwe. Watu wa Toscana wanataniwa na Waitaliano wenzao kwamba ni mangiafagioli, wala maharagwe, na wenyewe hawakasiriki. Kuna yale yanaitwa fagioli all'uccelletto, maharagwe meupe yaliyochemshwa alafu yakaungwa kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, majani ya seji na nyanya, ukiyala unafumba macho unajiona uko nyumbani kasoro nazi. Na kuna ribollita, maana yake iliyochemshwa tena, supu ya jana ya maharagwe na mboga nyeusi ya majani ambayo ukimuonyesha Mkenya atasema ni sukuma wiki iliyokunjana, inapashwa na mkate mkavu mpaka kijiko kisimame. Chakula cha maskini na waini ya hapo hapo, wala hupangi kitu. Anayekula maharagwe haya bila waini hajakosa sana, ila atie mafuta ya zeituni mabichi juu wakati wa kula.

Chakula cha kwetu? Mishkaki na nyama choma ya mbuzi na kachumbari, ndio, tena vizuri, ila pilipili iwe pembeni. Pilau ya ng'ombe ndio, manake bizari na karafuu sio moto, ni harufu tu, na zinaelewana na ile harufu ya majani makavu. Maini ya kukaanga na kitunguu ndio kabisa, huku wenyewe wanaanza mlo na mkate uliopakwa maini ya kuku. Samaki wa kupaka, hapana. Utamu wa nazi unaifanya waini iwe nyembamba na kali, alafu waini nyekundu na samaki wengi zinaacha ladha ya kulamba sarafu, inasemwa ni chuma kidogo kilichomo kwenye waini kinapokutana na mafuta ya samaki. Biriani ile tamu ya zabibu kavu na viazi vyekundu, naipenda kuliko vyote, lakini nainywea maji.

Hatua ya 9: Iliyobaki

Chupa ya mililita 750 ni glasi tano. Ikibaki, rudisha kizibo, tia friji hata kama ni nyekundu, siku ya pili bado nzuri na mara nyingine imetulia zaidi, siku ya tatu unaangalia, baada ya hapo sufuria.

Na sufuria yenyewe ni peposo, ya mji wa Impruneta hapa karibu, mji wa matofali na vigae. Inasemekana wachoma vigae ndio walioianzisha, wakiweka chungu mdomoni mwa tanuri wakaendelea na kazi. Kilo moja ya nyama ya muundi wa ng'ombe vipande vikubwa, punje nane za kitunguu saumu, kijiko kikubwa cha pilipili manga nzima iliyopondwa kidogo, chumvi, alafu waini mpaka ifunike nyama. Kama mabaki hayatoshi fungua Chianti ya bei ndogo, sio Riserva, usiwe na kufuru. Usikaange chochote, usitie maji, weka vyote vikiwa baridi, funika, moto mdogo kabisa saa tatu au nne. Saa ya kwanza jikoni patanuka kilevi utajuta, vumilia, inaondoka. Ikishakua nyeusi na nyama inakatika kwa kijiko, mimina juu ya mkate uliochomwa. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, kwa hivyo kwenye nyama usiogope kuongeza kidogo, na glasi ya kuinywea mimina kabla hujaanza kupika, manake ukingoja mwisho utakuta sufuria imeshamaliza.